Mteja Husoma Jina Kabla ya Kuweka PIN

Kando ya Ngong Road jijini Nairobi, mafundi wa viti wamepanga kazi zao nje, na mnunuzi anayepita hana shida kubwa. Atakalia kochi, atagonga mbao, atamwangalia fundi usoni kisha waanze kusukumana bei. Lakini yule aliye Kitale au Voi, aliyeona kochi lilo hilo kwenye Facebook, hana cha kugonga. Ana simu tu mkononi, na fundi anamwambia atume elfu kumi na tano ndio mbao zikatwe.

Je, wewe ungetuma?

Wengi hufika hadi mwisho kabisa. Wamependa rangi, wamekubali bei, wameandika nambari. Halafu skrini inawaonyesha jina la mpokeaji kabla ya kuweka PIN, na ni jina ambalo hawajawahi kuliona. Ukurasa una jina tamu la duka, WhatsApp ina jina la utani, na pesa zinaenda kwa mtu wa tatu, labda shemeji yako ambaye laini yake ndiyo uliyozoea kutumia. Wewe unajua ni shemeji. Mteja anajua tu kwamba ametahadharishwa mara nyingi kuhusu matapeli. Anabonyeza kurudi nyuma, na hata hakuambii. Wewe unabaki ukisema wateja wa mtandaoni hawako serious.

Kwa hivyo kabla ya kununua taa za kupigia video, linganisha majina. Jina la ukurasa, la WhatsApp na la till yawe moja. Ukisajili jina la biashara kupitia eCitizen, cheti hicho kitakusaidia kuomba till yenye jina hilo. Kama bado hujafika hapo, si aibu: andika wazi juu ya ukurasa kwamba malipo yanapokelewa kwa jina lako kamili, jinsi litakavyotokea kwenye simu ya anayelipa. Mtu akiliona pale, halafu alione tena wakati wa kulipa, moyo unatulia.

Kisha kuna picha. Wateja wamekuwa wajanja. Wanajua sebule ya Ulaya iliyookotwa kwenye intaneti. Picha ya kochi ambalo bado halijavalishwa kitambaa, sponji ikionekana, na mkono wako umeshika stepla, inauza kuliko hiyo sebule. Onyesha kazi ikianza, ikiwa nusu, ikipakiwa kwenye pikapu. Na andika bei, tafadhali. Hii ya "bei inbox" inachosha watu, na wengine wanahisi bei inapangwa kulingana na jinsi mtu anavyoandika. Kwenye WhatsApp Business kuna sehemu ya katalogi ambapo kila bidhaa inakaa na bei yake, na hiyo itakupunguzia kujibu swali moja mara arobaini kwa siku.

Kuna tabia moja ambayo tunaiona sana na ambayo lazima tuiseme. Muuzaji akilipwa, anapiga picha ujumbe wa malipo na kuuweka status: "Asanteni wateja wangu." Nia ni njema, anataka ithibati kwamba watu wanamwamini. Ila ujumbe huo unaweza kuwa na jina la mteja, nambari yake ya simu, kiasi alicholipa, na pengine salio lako pia. Tapeli akiona hayo ana kila anachohitaji: anampigia mteja wako, anamtaja kwa jina, anajua amelipa shilingi ngapi na lini, anamwambia malipo yamekwama na atume tena. Mteja atamlaumu nani?

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu jina na nambari ya simu kuwa data ya mtu binafsi. Picha ya sura pia. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza klabu moja ya burudani jijini Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Duka lako ni dogo, lakini kuomba ruhusa hakugharimu kitu. Mwambie mteja akuandikie maneno mawili kuhusu kochi lake, umuulize kama unaweza kuyaweka, na jina lake ulitaje tu akikubali.

Malalamiko nayo yatakuja. Mguu wa kiti utavunjika, au gari la mizigo litachelewa, na mtu aandike pale chini ya picha yako mbele ya kila mtu. Usifute. Jibu hapo hapo kwa ufupi kwamba umeona na unampigia, kisha umpigie kweli. Wanaosoma kimya kimya hawatafuti fundi asiyekosea. Wanataka kujua pesa zao zikienda na kazi iharibike, utashika simu au utawablock.

Na ukishaanza kujulikana, kuna atakayekuiga. Atachukua picha zako zote, afungue ukurasa wenye jina lako na nukta moja ya ziada, aweke nambari yake ya malipo. Ndiyo maana till yako iwe moja, isiyobadilika kila wiki, na ibandikwe juu kabisa ya ukurasa pamoja na onyo kwamba hutawahi kutuma nambari nyingine kwa ujumbe. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, ule wa PIN ya tarakimu sita. Mtu akikupigia akitaka msimbo ulioingia sasa hivi kwenye simu yako, hata kama ana sauti ya ofisi na anakuita boss, kata simu.