Saini ya Neil Armstrong: kwa nini karatasi moja ifikie bei ya gari?

Mwaka 2009, hundi moja ya benki iliuzwa mnadani nchini Marekani kwa zaidi ya dola 27,000. Hundi yenyewe ilikuwa imeandikwa dola 10 na senti 50 tu. Kilichopandisha bei yake ni mambo mawili: tarehe, ambayo ni Julai 16, 1969, na saini ya aliyeiandika, Neil Armstrong.

Hiyo ndiyo siku Armstrong aliyoondoka duniani kwenda Mwezini. Inaelezwa kwamba alikuwa ameazima fedha kidogo kwa mwenzake kazini, akamwandikia hundi ili asiondoke na deni la mtu. Mwenzake hakuipeleka benki, akaihifadhi. Miaka 40 baadaye, hundi hiyo ilikuwa na thamani ya gari.

Habari kama hizi huwafanya wasikilizaji wetu wengi waulize: saini inageukaje kuwa mali? Nani anainunua? Na mnunuzi anajuaje kwamba hajauziwa uongo? Katika makala haya tunaeleza hatua kwa hatua.

Rubani kabla ya kuwa mwanaanga

Wengi tunamjua Armstrong kama mtu wa kwanza kukanyaga Mwezi. Kabla ya hapo alikuwa rubani wa majaribio. Kazi ya rubani wa majaribio ni kurusha ndege mpya ambayo bado haijathibitishwa kwamba ni salama, ili wahandisi wajue kasoro zake. Ndege ikiwa na hitilafu, yeye ndiye wa kwanza kuigundua, tena akiwa angani.

Armstrong alizaliwa mwaka 1930 katika jimbo la Ohio. Alirusha ndege za kivita katika vita vya Korea, kisha mwaka 1955 akaanza kazi ya majaribio huko Edwards, California. Alirusha ndege ya roketi ya X-15 mara 7. Mei 1968, chombo cha kufanyia mazoezi ya kutua Mwezini kilimshinda karibu na ardhi, akajirusha nje kwa kiti chenye roketi na kushuka kwa mwavuli. Chombo kilianguka na kuungua.

Mbili ni saini, bei si moja

Katika mambo ya saini, umaarufu peke yake hauweki bei. Tumchukue rubani mwingine wa majaribio, Chuck Yeager. Oktoba 14, 1947, Yeager alikuwa binadamu wa kwanza kurusha ndege kwa kasi inayozidi ile ya sauti, katika ndege ya Bell X-1. Alifanya hivyo akiwa na mbavu zilizovunjika, baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi siku chache kabla.

Kwa marubani, jina la Yeager ni kubwa mno. Hata hivyo, picha yenye saini yake mara nyingi hupatikana kwa makumi ya dola, au mia na kidogo. Ya Armstrong huuzwa kwa maelfu ya dola.

Sababu ni ileile inayofanya nyanya ziwe rahisi msimu wa mavuno na ghali wakati wa kiangazi. Yeager aliishi miaka 97, hadi Desemba 2020. Alihudhuria maonyesho ya ndege, aliandika kitabu kilichouzwa sana, na alisaini picha na vitabu kwa miaka mingi. Saini zake zipo nyingi sokoni. Za Armstrong zinatafutwa na watu wa dunia nzima, na yeye aliacha kusaini mapema.

Ipo sababu nyingine ndogo ambayo wengi hawaitegemei. Picha ya Armstrong iliyosainiwa jina lake tu hupata bei kubwa kuliko ile aliyoandika "kwa fulani". Mnunuzi hapendi kutundika ukutani picha yenye jina la mtu mwingine. Kwa hiyo maneno yaliyoongezwa kwa upendo hupunguza bei.

Saini iliyokuwa bima

Safari ya Apollo 11 ilikuwa ya hatari, na bima ya maisha ya kumtosha mtu anayekwenda Mwezini ilikuwa ghali kupita uwezo wa watumishi wa serikali. Armstrong na wenzake, Buzz Aldrin na Michael Collins, walikuwa na wake na watoto.

Basi walitafuta njia yao. Kabla ya kuondoka walisaini bahasha nyingi, wote watatu, na kumwachia mtu wanayemwamini. Bahasha hizo zilipelekwa posta na kupigwa muhuri katika siku muhimu: siku ya kuruka na siku ya kutua Mwezini. Wazo lilikuwa kwamba wasiporudi, familia zitaziuza bahasha moja moja na kupata cha kuwalea watoto.

Walirudi salama, na familia hazikulazimika kuziuza. Miaka mingi baadaye bahasha hizo zilianza kuonekana minadani, nazo huuzwa kwa maelfu ya dola. Wakusanyaji huziita bahasha za bima. Tukizitazama leo kama bidhaa, tukumbuke kwamba zilisainiwa na baba watatu waliokuwa wakijiuliza kama wataonana tena na watoto wao.

Oktoba mwaka huohuo, wanaanga hao watatu walizunguka nchi nyingi, na Afrika walifika Kinshasa, Kongo.

Kwa nini aliacha kusaini

Kwa miaka mingi Armstrong aliwajibu waliomwandikia. Lakini aligundua kwamba saini alizotoa bure zilikuwa zinauzwa kwa fedha nyingi, na kwamba za kughushi zilikuwa zimejaa sokoni. Mwaka 1994 aliacha. Walioendelea kumwandikia walipata barua ya kuwaeleza kwamba hasaini tena.

Hata hivyo hakuachwa kwa amani. Mwaka 2005 ilijulikana kwamba kinyozi wake alikuwa amekusanya nywele alizomkata na kumuuzia mkusanyaji mmoja kwa dola 3,000, bila yeye kujua. Armstrong alitishia kwenda mahakamani. Nywele hazikurudi, lakini kinyozi alikubali kutoa fedha hizo kwa shirika la hisani ambalo Armstrong alilichagua.

Armstrong alifariki Agosti 25, 2012, na tangu siku hiyo idadi ya saini zake za kweli haiwezi kuongezeka. Zinazoweza kuongezeka ni za uongo.

Ya kweli hutambuliwaje?

Jambo la kwanza ni kujua kwamba kuna saini zisizo za kweli ambazo hazikutengenezwa na matapeli. Wanaanga walipokea barua kwa magunia, hivyo ofisi zao zilitumia mashine yenye mkono wa chuma unaoshika kalamu na kufuata umbo la saini lililochongwa tayari. Wino ni wa kweli na kalamu ni ya kweli, ila mkono si wa mwenyewe. Saini ya namna hii ina thamani ndogo sana.

Wataalamu huitambua kwa kulinganisha. Hakuna mtu anayesaini sawasawa kabisa mara mbili. Wewe mwenyewe jaribu: saini jina lako mara tano, kisha uzitazame kwenye mwanga karatasi moja juu ya nyingine. Hazitalingana. Saini mbili zikilingana kila kona, zote ni za mashine au mojawapo imenakiliwa.

Jambo la pili ni mwendo wa kalamu. Anayesaini jina lake huandika haraka, na mstari huwa mnene hapa na mwembamba pale. Anayeghushi huenda polepole kama mtoto anayejifunza kuchora. Mstari wake hutetemeka, au husimama mahali pasipostahili.

Jambo la tatu, na pengine kubwa kuliko yote, ni historia ya karatasi yenyewe. Ilitoka kwa nani? Nani aliishika kabla yake? Kuna barua au bahasha ya wakati ule inayoonyesha? Ndiyo maana wanawe Armstrong walipoanza kuuza vitu vya baba yao mnadani mwaka 2018, wanunuzi waligombania. Kila kitu kilikuwa kimetoka nyumbani kwake moja kwa moja.

Haya yanatuhusu nini?

Huenda usinunue saini ya rubani yeyote maishani mwako. Lakini katika masanduku ya nyumba nyingi za vijijini kuna barua za zamani, picha za wazee, kadi za vyama na vyeti vyenye saini za watu waliotengeneza historia yetu. Karatasi hizo huliwa na mchwa au huwashiwa moto.

Ukiwa nazo, ziweke mahali pakavu, mbali na jua, kwa sababu jua hufuta wino. Usizipige laminesheni, maana plastiki ikishashikana na karatasi haitoki bila kuiharibu. Usipitishe kalamu juu ya saini iliyofifia, hata kwa nia njema. Na andika pembeni, kwenye karatasi nyingine, jina la aliyekupa na alivyoipata, wakati wazee wanaojua bado wapo.

Mwisho, tahadhari. Mtu akikupigia simu akisema karatasi yako au sarafu yako ina mamilioni, ila kwanza utume fedha ya "usajili", kata simu. Mnunuzi wa kweli hutoa fedha, haombi. Na anayekuuzia saini ya mtu mkubwa kwa bei ya kutupa, mwulize swali lilelile la wataalamu: wewe uliipata kwa nani?