Mtoto Mwingine Si Dawa

Swali limerudi tena, safari hii kutoka kwa nesi Mkenya anayefanya kazi Muscat. Kwa miaka sita, kupitia mradi wa ufadhili wa watoto, alimlipia ada msichana wa kijiji kimoja upande wa Mbale, Uganda, akamfikisha darasa la tano. Hawakuwahi kuonana. Mwezi uliopita akapokea bahasha: mtoto amefariki kwa malaria. Ndani ya bahasha hiyohiyo ilikuwamo picha ya mtoto mwingine na ombi kwamba ampokee. "Ndugu mshauri," ananiandikia, "nimchukue huyu sasa hivi ili nipoe?"

Kabla yake aliniuliza hivyo dereva wa lori aliyeko Minnesota, na kabla ya dereva, mwalimu mstaafu Mwingereza aliyesafiri hadi Jinja akakaa mbele yangu akilia. Wote nimewajibu kwa upole. Leo upole umepungua, kwa kuwa kila mara ushauri wa kumchukua mtoto mwingine huwa umetolewa na watu wenye nia njema: mchungaji, mume, rafiki wa kazini, hata wafanyakazi wa mradi wenyewe.

Hapana. Usimchukue ili upoe.

Imani kwamba aliyeondoka huzibwa na anayekuja ilipata baraka za kitaalamu mwaka 1917, Sigmund Freud alipoandika kwamba kazi ya huzuni ni kuung'oa moyo kwa aliyekufa ili uwe huru kushika kingine. Mwaka 1920 binti yake Sophie akafa kwa homa ya mafua. Miaka tisa baadaye, siku ambayo Sophie angetimiza miaka 36, Freud huyohuyo akamwandikia rafiki aliyefiwa na mwanawe kwamba pengo kama hilo halizibiki, na kwamba ndivyo inavyopasa kuwa. Watu wakashika andiko la kwanza, barua ya baba aliyefiwa wakaiacha. Mwaka 1964 Albert na Barbara Cain wakaeleza habari za watoto waliozaliwa makusudi kuziba nafasi ya ndugu aliyekufa. Walikua wakipimwa kila siku kwa marehemu ambaye hakosei kamwe.

Hayo ninayaona huku kwetu. Nimesoma barua za mfadhili akimwita mvulana wa Jinja kwa jina la marehemu, tena si mara moja. Nimesoma nyingine ikiuliza mbona yeye hachori maua kama mwenzake. Mtoto wa miaka minane anaandika jibu la adabu akisaidiwa na mwalimu, naye hajui kosa lake ni lipi. Ana njaa yake, ada yake na jina lake. Amepewa kazi ya kumfuta mtu machozi kabla hata hajajulikana.

Wapo wanaonijia na hoja ya mila. Wanasema hata Wasoga na Waganda humweka musika, mrithi wa marehemu, kwa hiyo kubadilisha mtu si jambo geni. Hoja hii hunichosha kuliko zote, kwa kuwa inatumia mila bila kuiangalia. Musika huwekwa na ukoo, siku ya kumaliza matanga, watu wakiwa wamekwisha kulia, kula pamoja na kugawana madeni na wajibu wa marehemu. Haji ndani ya bahasha moja na tanzia. Wala hawekwi ili marehemu asahaulike. Anawekwa ili jina lake liendelee kutajwa uani.

Na katika kukosa matanga hayo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Nesi wa Muscat hakutandikiwa mkeka. Hakuna aliyekuja na ubani, hakuna aliyempa ruhusa ya siku moja kazini. Mwenzake wa chumbani alimwambia, "Kwani alikuwa mwanao?" Mwaka 1989 Kenneth Doka aliipa jina huzuni ya namna hii, huzuni ambayo jamii haimpi mtu haki ya kuwa nayo. Haipoi kwa kupewa mtoto mwingine. Inataka kutambuliwa tu: miaka sita ya barua ni uhusiano, na uhusiano ukikatika unauma.

Kuhusu ile sauti inayosema ungetuma zaidi angepona, iache. Malaria kali inaweza kumwondoa mtoto kwa saa chache. Mwaka 2011 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watoto 3,141 katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, Mbale ikiwemo. Dripu iliyomiminwa haraka kwa watoto wenye homa kali na dalili za mshtuko, tiba iliyoaminiwa duniani kote, iliongeza vifo. Madaktari waliokuwa kando ya kitanda walikuwa hawajui. Wewe wa Muscat ungejua nini?

Sasa la kufanya, kwa haraka. Waambie mradi waziwazi kwamba mtoto mwingine asubiri. Ukija kumpokea baadaye, mpokee kwa jina lake. Usikimbilie ndege kwa ajili ya mazishi; huku tunazika mapema, yamekwisha kupita. Ubani upitishie kwa mradi, uwe wa kiasi, usije ukazua ugomvi nyumbani. Habari zaidi za kifo uliza mara moja; familia isipotaka kusema, nyamaza. Watoto wako kama walizoea picha ukutani, waambie amekufa, usiwaambie amehama. Chagua jioni moja, ita watu wawili, taja jina lake.

Kisha fungua droo. Zile picha za kila mwaka, michoro na barua za penseli vyote vilikuja kwako. Mama yake wa kule kijijini huenda hana hata picha moja. Piga nakala zako, halafu mtumie asili kupitia mradi pamoja na barua fupi ya rambirambi. Nyuma ya kila picha andika mwezi na mwaka ulipoipokea, ili aweze kuzipanga.