Viluwiluwi wa Ndoo na Viluwiluwi wa Bwawa

Mwaka jana nikiwa fildi nilimfundisha mtoto wa darasa la nne kufuga mbu. Sikukusudia. Nilichora ubaoni mzunguko wa maisha ya chura kama ulivyo kitabuni: yai, kiluwiluwi, chura mdogo, chura mkubwa, na mishale yake. Mtoto mmoja akanyoosha kidole: "Mwalimu, hao ndio wale viluwiluwi wa kwenye ndoo nyumbani?" Kengele ilikaribia, darasa lina watoto 84, nikajibu haraka, "Ndio hao hao."

Wiki iliyofuata mama yake akaja shuleni. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hivi mmemfundisha nini huyu? Kila nikitaka kumwaga maji ya ndoo analia, anasema naua vyura wa mwalimu."

Wanachuo wenzangu, nilitamani ardhi inimeze. Kosa lilikuwa langu, ila lugha nayo ilinisukuma. Kwa Kiswahili mtoto wa chura anaitwa kiluwiluwi, na mtoto wa mbu anaitwa kiluwiluwi vilevile. Jina moja, mizunguko miwili, na mchoro wa ubaoni hauwezi kumwonyesha mtoto tofauti. Ilibidi tutoke nje.

Sasa, ukitaja ziara ya mafunzo, watu wanafikiria basi. Shule niliyokuwepo ilikuwa imetangaza safari ya Mikumi, shilingi 40,000 kwa kila mtoto. Darasani kwangu walilipa 19. Siibezi safari hiyo, mtoto akimwona tembo hasahau. Lakini mimba ya tembo ni karibu miezi 22. Mgeni wa siku moja anaona mama na ndama, basi, mengine anasimuliwa. Kwa somo la mzunguko wa maisha, swali la kwanza siyo mnakwenda mbali kiasi gani. Ni je, mtaweza kurudi? Mzunguko ni muda, na muda hauonekani kwa ziara moja.

Sisi tulikuwa na kibwawa bondeni, mwendo wa dakika 15 kutoka shuleni. Tulikwenda mara nne ndani ya wiki saba, watoto wote 84, kwa mafungu, bila mchango wowote. Kwa anayejiandaa na fildi, tulifanya hivi.

Kwanza usalama. Hakuna mtoto aliyeingia majini. Maji yaliyotuama au yanayokwenda polepole yanaweza kuwa na konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya ngozi. Mwalimu mwenyeji alichota kwa kata tuliyoifunga kwenye mti mrefu, watoto wamesimama kwenye nyasi kavu.

Pili, chupa mbili za plastiki zinazoonyesha ndani. Moja ya maji ya bwawa, na nyingine yule kijana alikuja nayo kutoka kwenye ndoo yake. Zote tukazifunga mdomo kwa kipande cha chandarua. Hili usilisahau, la sivyo utakuwa umefungua kiwanda cha mbu darasani.

Tatu, nilinyamaza. Niliwapa swali moja tu: hawa wanapumuaje? Dakika kumi hazikuisha, wakaanza kubishana. Wa ndoo walikuwa wananing'inia kichwa chini, mkia juu, kwa sababu huvuta hewa kwa kijibomba kilicho mwishoni mwa mwili. Ukigonga chupa wanajipindapinda kwenda chini, halafu wanapanda tena. (Wa mbu wa malaria hawana kijibomba hicho; wao hulala sambamba na uso wa maji.) Wa bwawa walikuwa na kichwa cha duara na mkia bapa, wanapumua kwa matamvua kama samaki, na wanakwangua ukijani kwenye jiwe tulilowawekea.

Siku ya tisa, chini ya chandarua cha chupa ya ndoo, mbu walikuwa wanaruka. Darasa zima lilikaa kimya. Viluwiluwi wa bwawa walikuwa bado viluwiluwi. Kwao tulisubiri wiki kadhaa: miguu ya nyuma ikatangulia, ikafuata ya mbele, kisha mkia ukawa unapungua kidogo kidogo. Watoto walidhani mkia utakatika kama wa mjusi, kumbe mwili wenyewe unaufyonza. Tulipomaliza tuliwarudisha kibwawa kilekile tulikowachota. Chupa ya mbu tuliiacha juani ikiwa imefungwa mpaka wote wakafa.

Binti mmoja akaandika kwenye bango letu: "Vyura wote huanza kama viluwiluwi." Nilikuwa nimeshajifunza kutojibu haraka, nikaenda kusoma kwanza. Kumbe nchini kwetu yupo chura asiyefuata mchoro ule. Chura wa Kihansi, mdogo kuliko kidole gumba, hazai mayai ya kuanguliwa majini. Jike huzaa vichura vilivyokamilika. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, na kwingine kokote hakupatikana. Bwawa la umeme lilipoanza kazi mwaka 2000 manyunyu yakapungua, ugonjwa wa fangasi nao ukaonekana, na mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Waliosalimika ni waliokuwa wamepelekwa Marekani. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa na kutunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaanza kurejeshwa Kihansi. Watoto wakaniuliza kama tunaweza kwenda kuwaona. Nikasema hatuwezi, ila bango tulilirekebisha: "Vyura wengi."

Tunapopangiwa shule, tunalalamika kwamba hakuna vifaa, na bumu lenyewe halitoshi hata nauli. Ni kweli. Lakini andalio la somo la mzunguko wa maisha linahitaji zaidi kalenda: tarehe ya kwenda, tarehe ya kurudi, na tarehe ya kurudi tena.

Yule kijana sasa anamwaga ndoo mwenyewe, kila Jumamosi. Nilimuuliza kwa nini asisubiri wiki mbili. Akanitazama kama mtu asiyejua kitu. "Mwalimu, wiki mbili si watakuwa wamesharuka?"