Mkeka Usiotandikwa

Wazazi wengi wameniuliza, na vijana vilevile: kwa nini mtoto aanzapo masomo ya mtandaoni kwa hamu kubwa huyaacha kabla hayajafika nusu? Wengine hulaumu uvivu, wengine gharama ya bando. Nami nilikuwa nikisema hivyohivyo, mpaka jambo hilo liliponifika mwenyewe.

Mwezi wa Machi 2020, Serikali ya Kenya ilipofunga shule kwa ajili ya maradhi ya korona, nasi hapa Mombasa tulifunga chuo chetu, nikaanza kusomesha kwa simu. Juma la kwanza waliingia wanafunzi 19. Juma la tano wakabaki 7. Nikawakasirikia walioacha, hata siku moja mama wa mmoja wao akaniambia: "Maalim, mwanangu hakuacha kwa ugumu wa somo. Asema hata akiondoka katikati, hapana ajuaye." Maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa kweli. Chuoni mtoto akikosekana siku moja tu, mwenzake wa mkekani husema, "Fulani hakuja," na jioni hupita kwao kumjulia hali. Katika simu mkeka huo haukuwapo, wala mimi sikuutandika.

Nilipotafuta khabari nikaona jambo hili limekwisha kutazamwa zamani. Mwaka 2000 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Alberta, nchini Kanada, nao ni Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer, waliandika juu ya wanafunzi wasomao kwa kuandikiana katika kompyuta. Walisema masomo hayo hutaka mambo matatu: mwalimu apangaye na kuongoza, fikira zifanyazo kazi kweli, na wanafunzi wajuanao kuwa ni watu hasa. Sisi waalimu wa simu twashughulika mno na la kwanza; la tatu twaliona ni upuzi.

Basi nikabadili mwendo. Nikafungua darasa robo saa kabla ya wakati, wasalimiane na kutaniana. Mzazi asikiaye vicheko hivyo asidhani muda wapotea. Kisha nikawagawa wannewanne, kila kundi swali moja, na kila mtoto kipande chake cha jibu, hata mmoja asipokuja wenzake hukwama, wakampigia simu. Kukwama huko ndiko kulikofaa kuliko yote. Kuita majina peke yake hakutoshi. Wako waalimu waitao majina kama karani wa mahakama.

Baadhi ya waalimu huwalazimisha wanafunzi waonyeshe nyuso zao na ndani ya nyumba zao, wakidhani hapo ndipo umoja upatikanapo. Mimi siafikiani nao, khasa kwa watoto wa kike. Nyumba ni sitara. Msichana mmoja wa darasa langu hakuonekana hata mara moja, walakini ndiye aliyejulikana na wote, kwani ndiye aliyewatumia wenzake ujumbe wa sauti kuwakumbusha saa ya somo.

Katika wale 12 walioacha, 8 walirudi, na mtoto wa yule mama akiwamo. Wanne hawakurudi. Wawili wao, nyumba nzima ilikuwa na simu moja, ya baba, naye huondoka nayo kazini alfajiri. Kwa hao sikupata dawa mpaka chuo kilipofunguliwa.