Hong Kong kwa hela ya kujibana: kilicho ghali ni chumba, sio mji



Kuna mdogo wangu anakwenda Guangzhou kuchukua mzigo na atarudi kwa kupitia Hong Kong. Kanipigia simu: "Kaka, nasikia huko ghali mno, si bora nilale uwanja wa ndege?" Nikamwambia subiri, nitakuandikia. Nimeona niweke hapa ili na wengine wafaidike.

Mimi yalinikuta. Nilimaliza shughuli Guangzhou, nikavuka kuja Hong Kong kusubiri mzigo ili nipande ndege. Muuzaji akaanza "kesho, kesho kutwa". Kumfuata siwezi, maana ukitoka China bara kuingia Hong Kong umeshagongewa muhuri wa kutoka, na viza yangu ilikuwa ya kuingia mara moja. Hapo nikakwama siku sita ambazo sikuzipangia. Na wafanyabiashara mnajua: hela ya mzigo haiguswi. Ukiigusa unarudi Kariakoo na marobota pungufu.

Nikajiwekea dola 350 za Hong Kong kwa siku, chumba humo humo. Dola yao imefungwa kwenye dola ya Marekani tangu 1983, na siku hizi dola 1 ya Marekani inacheza kati ya 7.75 na 7.85. Kwa hiyo 350 ni kama dola 45 za Marekani. Niliishi, tena nilifurahi.

Siri ni kujua kwa nini mji ni ghali. Watu ni zaidi ya milioni 7, ardhi kubwa ni milima, na karibu asilimia 40 ya ardhi yote ni hifadhi isiyojengwa. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia nafasi ndani ya nyumba atakukamua. Lakini wafanyakazi wa kawaida nao wanabanana kwenye vijumba vidogo, na lazima waende kazini, wale na wapunge upepo. Vitu vya nje vimewekewa bei wanayoiweza wao. Basi kanuni ni hii: nunua nafasi ndogo ya kulala, halafu ishi nje.

MALAZI: Chungking Mansions, barabara ya Nathan, Tsim Sha Tsui. Ni jengo la mwaka 1961, ghorofa 17, limegawanyika A mpaka E, limejaa gesti. Profesa Gordon Mathews aliandika kitabu juu yake (2011), akahesabu watu wa mataifa 129. Chini kwenye maduka ya simu utasikia Kiswahili, usishangae. Chumba changu kilikuwa dola 220: kitanda, feni, na bomba la kuogea liko juu ya choo. Omba kukiona kabla ya kulipa. Wapiga debe wa mlangoni usiwafuate. Na usibadilishe hela kwenye vibanda vya mbele. Ingia ndani, ulinganishe bei.

USAFIRI: Siku ya kwanza, kwa ushamba, nilipanda treni ya uwanja wa ndege. Basi A21 linakushusha barabara hiyo hiyo ya Nathan kwa karibu theluthi ya nauli ile. Chukua kadi ya Octopus. Unaweka amana ya dola 50, ukiirudisha unarudishiwa (ukiwahi kuirudisha wanakata ada kidogo). Kisha panda tramu ya ghorofa, tramu za mji huu zipo tangu 1904. Nauli ni moja hata ukienda mwisho wa njia, chini ya dola 4, unalipa wakati wa kushuka. Kaa juu, mbele. Hiyo ndiyo ziara ya mji, wengine wanalipia mamia.

Feri ya Star Ferry nayo ni kama pantoni letu la Kigamboni, ila pande zote mbili ni maghorofa. Chini ya dola 10 unavuka. Mwaka 1966 nauli ilipoongezwa senti 5 mji ulilipuka kwa ghasia, uone jinsi wenyeji wanavyoithamini.

MSOSI: Juu ya masoko ya serikali kuna ghorofa za wapishi, kama mama ntilie waliopangwa pamoja. Wali na nyama ya kuchoma nililipa dola 45, nikashiba mpaka jioni. Utakaa meza moja na usiowajua, ndiyo desturi. Agiza chai ya moto, maana ya baridi mara nyingi wanaongeza dola 2 au 3. Waislamu, nendeni msikiti wa Ammar pale Wan Chai, ghorofani kuna kantini ya halali.

KUTEMBEA: Kileleni Victoria Peak nilipanda kwa basi namba 15, nikaacha treni ya watalii. Kuzunguka mlima kwa miguu ni bure, mji wote uko chini yako. Bustani ya Nan Lian bure. Taa za majengo saa 2 usiku ufukweni Tsim Sha Tsui, bure.

Jumapili nenda Central. Wasichana wa kazi kutoka Ufilipino wanatandika maboksi chini ya majengo ya mabenki, wanakula, wanasukana, wanaimba. Ndiyo siku yao ya mapumziko. Mmoja alinikaribisha chakula bila kunijua. Wana hela kidogo kuliko mtalii yeyote, lakini siku ile hakuna aliyeufaidi mji kuliko wao.

Mzigo ulifika siku ya sita, na mtaji wangu ulikuwa kamili. Kwa hiyo mdogo wangu, usilale uwanja wa ndege. Chumba 220, chakula 90, nauli 30, kumi ya dharura. Na ukiomba viza ya China, omba ya kuingia mara mbili.

Mwenye uzoefu mwingine atuongezee hapo chini.