Kutaka kila kitu kiwe bila dosari huuchosha mwili, wala hakuleti ufaulu

Kila matokeo ya mitihani yanapotoka, maswali ya wasomaji hubadilika sura. Mzazi anaeleza kwamba binti yake wa darasa la sita hufuta na kuandika upya sentensi moja mpaka karatasi ya daftari inatoboka, kisha analia na kukataa kukusanya kazi. Anauliza kama huo ni uvivu. Mhasibu anataka kujua kwa nini amekosa usingizi wiki nzima kwa sababu ya tarakimu moja aliyokosea, na ambayo bosi wake hata hakuiona.

Tatizo lao ni moja: kutaka kila kitu kiwe kamili, na kujihukumu vikali kinapopungua. Mwaka 1991 wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett wa Kanada walilitenga katika mafungu matatu. Kuna anayejibana mwenyewe, kuna anayewabana wenzake, na kuna anayeamini kwamba watu hawatamthamini asipokuwa kamili. Fungu hili la tatu linahusishwa sana na sonona, wasiwasi na mawazo ya kujiua, na ndilo linaloongezeka kwa kasi zaidi. Thomas Curran na Andrew Hill wa Uingereza walichambua takwimu za wanafunzi zaidi ya 41,000 wa vyuo vya Marekani, Kanada na Uingereza, kuanzia 1989 hadi 2016, wakakuta limepanda kwa asilimia 33. Wanafunzi hao si wa kwetu, lakini shinikizo tunalijua. Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha mwaka 2023 kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Vikundi vya WhatsApp vya wazazi havijaacha kuwapanga.

Uzushi ninaousikia kila mahali ni kwamba tabia hii ndiyo siri ya mafanikio. Si kweli. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliounganisha tafiti 95 za sehemu za kazi, ulionyesha kwamba watu hawa hufanya kazi saa nyingi zaidi na huchoka zaidi, lakini utendaji wao hauwazidi wenzao. Nikisema hivi, naulizwa kuhusu rubani na daktari wa upasuaji. Hao wanahitaji umakini, na umakini hutazama kazi. Anayesaka ukamilifu hujitazama yeye mwenyewe: wataniona mtu wa namna gani?

Swali hilo ndilo linalouamsha mwili. Wanasayansi huupima mwamko huo kwa jaribio lililobuniwa Trier, Ujerumani. Unasimama mbele ya jopo la watu wasiotabasamu wala kutikisa kichwa. Unatoa hotuba kwa dakika tano, halafu unaanza kutoa 13 kutoka 1,022, kwa sauti, bila kalamu. Ukikosea, unaambiwa uanze upya. Homoni ya kotisoli hupanda, na kilele chake mara nyingi huja jaribio likiwa limeshakwisha. Mwaka 2004 Sally Dickerson na Margaret Kemeny walipitia tafiti 208 za aina hii wakaona jambo la kushangaza: ugumu wa kazi peke yake hauipandishi sana kotisoli. Kinachoipandisha hasa ni kuhukumiwa na watu katika jambo ambalo matokeo yake huwezi kuyadhibiti. Utafiti wa Uswisi wa mwaka 2007 uliwapitisha wanaume wa makamo katika jaribio hilo hilo. Waliokuwa na tabia ya kusaka ukamilifu walitoa kotisoli nyingi zaidi.

Kwa kawaida ubongo huhisi kotisoli imetosha, ukaziamuru tezi zipunguze. Jopo limeondoka, mwili unatulia. Lakini anayesaka ukamilifu huondoka na jopo lake kichwani. Kosa la saa nne asubuhi analikumbuka saa nane usiku, na kila kumbukumbu yaweza kuuamsha mwili upya kana kwamba anahukumiwa sasa hivi. Usingizi unakatika, mapigo ya moyo na shinikizo la damu hukawia kushuka. Hapo ndipo kazi inapoanza kukwepwa, kwa kuwa daftari lisilokusanywa haliwezi kusahihishwa. Kukwepa kunaleta nafuu ya papo hapo, na nafuu hiyo inaufundisha ubongo kukwepa tena kesho. Kwa hiyo, mzazi, huo si uvivu. Ni woga.

Wala si jini. Nimechoka kusikia watoto wakinyweshwa kombe na kuuziwa "dawa ya akili" ya unga usiojulikana umetoka wapi. Sasa wamezuka na wauzaji wa vidonge vya "kusafisha kotisoli". Kotisoli si uchafu! Mtu ambaye tezi zake zimeacha kuitengeneza hufa asipotibiwa.

Kinachosaidia ni tiba ya kubadili fikra na mienendo, iliyopimwa kwa majaribio ya kitabibu. Ulizia mwanasaikolojia katika hospitali ya rufaa. Nyumbani na kazini, panga muda wa kumaliza, kagua mara moja, kisha kabidhi. Muulize mtoto amejifunza nini kabla ya kumuuliza amekuwa wa ngapi. Ukikosea mbele yake, kiri na uendelee na shughuli zako, aone kwamba hakuna kilichobomoka. Mwalimu, fimbo kwa kila jibu baya haimfundishi hesabu. Inamfundisha kuogopa kujibu.

Usingizi ukipotea kwa wiki mbili, au mtoto akikataa kabisa shule, nendeni kwa daktari. Na akitamka kwamba ni afadhali afe kuliko kufeli, usimkemee, usimwambie aache utani. Kaa naye, usimwache peke yake, na umfikishe hospitali siku hiyo hiyo.