Kutoka Jiwe la Babiloni hadi Madurai: Rekodi za Ujira na Kazi ya Madaktari Bingwa

Miongoni mwa orodha za kale kabisa za malipo ya daktari tunazoweza kuzisoma hadi leo ni ile iliyochongwa kwenye jiwe jeusi lililofukuliwa Susa, Iran, mwanzoni mwa karne ya 20. Jiwe lenyewe sasa limo katika makumbusho ya Louvre, Paris. Ni sheria za Hammurabi, mfalme wa Babiloni, za yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo. Daktari aliyempasua muungwana akamponya, au akaliokoa jicho lake, alilipwa shekeli 10 za fedha. Mgonjwa akiwa mtu wa tabaka la chini, shekeli 5. Akiwa mtumwa, 2, na mlipaji ni bwana wake. Muungwana akifia mikononi mwa daktari, au akipofuka, daktari alikatwa mikono.

Kisu ni kilekile na kazi ni ileile, lakini bei inatofautiana mara tano kwa kufuata hadhi ya aliyelala chini ya kisu. Mabishano yanayosikika leo katika ofisi za fedha za hospitali, na kwenye meza za vyama vya madaktari, yamo tayari katika jiwe hilo: kulipa kwa kazi au kwa matokeo, nani anastahili zaidi, na nani anabeba hasara mambo yakiharibika. Katika kila rekodi ninayoitaja hapa nimetafuta jambo moja tu: kilichohesabiwa, na kilichoachwa nje ya hesabu.

Kwa habari ya kasi ya upasuaji, jina linalotajwa sana ni la Robert Liston, daktari mpasuaji wa London katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Kabla ya dawa ya usingizi, mgonjwa alishikwa na wanaume wenye nguvu akiwa macho, na kila dakika iliyopungua ilikuwa rehema. Tija ya mpasuaji ilipimwa kwa saa mkononi. Tarehe 21 Desemba 1846, katika hospitali ya University College, Liston alikata mguu wa mgonjwa aliyevutishwa etha, miezi miwili tu baada ya etha kuonyeshwa hadharani Boston. Aliumaliza mguu ule kwa chini ya nusu dakika. Siku hiyohiyo kasi yake ilipoteza maana, kwa kuwa mgonjwa aliyelala hahitaji haraka. Anahitaji mikono makini. Sijui mfano mwingine ulio wazi namna hii wa kipimo cha kazi kilichokufa siku ileile kilipofikia kilele chake.

Jaribio kubwa kuliko yote la kupima kazi ya daktari kwa namba lilifanyika Marekani. Katika miaka ya 1980, mchumi William Hsiao wa Harvard pamoja na wenzake waliwauliza maelfu ya madaktari wa fani mbalimbali: kazi hii inachukua muda gani? Inadai akili kiasi gani, ustadi gani wa mikono, na mzigo gani wa moyo pale kosa linapoweza kuua? Majibu yakageuzwa kuwa pointi. Matokeo yalichapishwa 1988, sheria ikapitishwa 1989, na kuanzia Januari 1, 1992, Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ikaanza kulipa kwa pointi hizo. Kila huduma ina pointi za kazi ya daktari, za gharama za kuendesha kliniki, na za bima ya makosa ya kitabibu. Jumla inazidishwa kwa kiasi kimoja cha dola.

Kiasi hicho nacho ni rekodi. Mwaka 1992 pointi moja ililipwa takriban dola 31. Mwaka 2025 ililipwa takriban dola 32.35. Kati ya miaka hiyo ilipanda na kushuka, lakini mtu akiangalia mwanzo na mwisho ataona bei iliyosimama karibu palepale kwa miaka 33, wakati kodi ya jengo, mshahara wa muuguzi na bei ya glavu havikusimama. Mwenye kliniki aliyetaka kudumisha kipato alibaki na njia moja: kuongeza idadi ya wagonjwa kwa siku. Ndiyo maana leo daktari wa Marekani anajua pointi zake za mwaka kama mkulima anavyojua magunia yake.

Lengo la Hsiao lilikuwa kurudisha thamani ya kufikiri na kuzungumza na mgonjwa, kwani utafiti wake ulionyesha kwamba upasuaji na vipimo vilikuwa vikilipwa kupita kiasi vikilinganishwa na kazi hiyo. Lakini kamati inayopendekeza pointi, iliyoanzishwa 1991 chini ya chama cha madaktari cha Marekani, ilijaa mabingwa. Mwaka 2015 ofisi ya ukaguzi ya bunge la nchi hiyo ilionya kwamba tafiti za kamati hiyo zilijibiwa na madaktari wachache mno. Mabadiliko yalikuja polepole. Upasuaji wa kawaida wa mtoto wa jicho, uliokuwa na pointi 8.52 za kazi ya daktari, ulishushwa hadi 7.35 mwaka 2020. Mwaka uliofuata, ziara ya kawaida ya mgonjwa anayerudi kliniki ilipanda kutoka 0.97 hadi 1.30. Kwa daktari anayekaa na mzee mwenye kisukari, presha na huzuni, ongezeko hilo lilikuwa kubwa kuliko lolote aliloliona kwa muda mrefu.

Juu kabisa ya ngazi ya mishahara ya Marekani, mwaka baada ya mwaka, wamo wapasuaji wa ubongo, wa moyo na wa mifupa. Katika tafiti za miaka ya karibuni, mpasuaji wa ubongo hupata kwa wastani zaidi ya dola 700,000 kwa mwaka. Chini kabisa wamo madaktari wa watoto, na miongoni mwao bingwa wa homoni za watoto, anayepata dola 220,000 hivi. Hapa ndipo ninapokasirika. Bingwa huyo husoma miaka mitatu zaidi ya daktari wa kawaida wa watoto, na akimaliza anaweza kulipwa sawa na mwenzake ambaye hakusoma miaka hiyo, au chini yake. Sababu haifichiki. Karibu watoto wanne kati ya kumi Marekani wamo katika Medicaid, bima ya watu wa kipato cha chini, inayolipa kidogo kuliko nyingine. Isitoshe, kazi ya kumfuatilia mtoto mwenye kisukari ni mazungumzo mengi na vifaa vichache. Shekeli 2 za Babiloni hazijaenda mbali.

Hospitali inapotaka kuajiri bingwa, hufungua jedwali la mishahara lililokusanywa kutoka kliniki mamia. Chama cha mameneja wa kliniki cha Marekani, MGMA, kilichoanzishwa 1926, ndicho kinachotajwa zaidi katika kazi hiyo. Jedwali humwonyesha meneja mshahara wa katikati wa fani, pamoja na pointi za katikati. Lina faida ya kisheria pia: sheria za nchi hiyo zinakataza hospitali kumlipa daktari kupita thamani ya soko ili tu alete wagonjwa, na jedwali ni ushahidi kwamba malipo ni ya haki. Tatizo ni hesabu yenyewe. Hakuna hospitali inayotaka kutangaza kwamba madaktari wake wanalipwa chini ya katikati. Kila inayowapandisha walio chini inaisogeza juu ile katikati, na mwaka unaofuata mbio zinaanza upya. Hapo kipimo hakiangalii tena soko likitembea, bali kinalisukuma.

Uingereza ilifuata njia nyingine. Aprili 2004 ilianzisha mpango mkubwa kuliko mingine ya wakati wake wa kuwalipa madaktari wa familia kwa ubora: viashiria 146, pointi 1,050, fedha kwa kila pointi. Serikali ilitarajia kliniki zipate kama robo tatu ya pointi. Mwaka wa kwanza zilipata kwa wastani zaidi ya asilimia 90, na bajeti ikapasuka. Scotland iliuacha mpango huo 2016.

Sasa kuna hospitali mbili ambazo ningependa kila waziri wa afya azitembelee. Ya kwanza ni Shouldice, iliyo karibu na Toronto, Kanada, iliyoanzishwa 1945 na Dkt. Edward Earle Shouldice. Inatibu ngiri tu. Mpasuaji mmoja pale hufanya upasuaji kati ya 600 na 800 kwa mwaka, wa aina ileile, na ngiri hurudi kwa karibu mgonjwa mmoja kati ya mia au chini ya hapo, wakati kwingineko ilizoeleka kurudi mara nyingi zaidi ya hivyo. Mgonjwa hushuka kitandani na kutembea kwa miguu yake upasuaji unapomalizika. Hakuna kifaa cha ajabu. Kuna mikono iliyorudia kazi moja mpaka ikaijua.

Ya pili ni Aravind, na hapa nitakaa zaidi. Mwaka 1976, Dkt. Govindappa Venkataswamy alistaafu kazi ya serikali akiwa na miaka 58, akafungua hospitali ya macho yenye vitanda 11 mjini Madurai, kusini mwa India. Vidole vyake vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi tangu ujana, lakini alijizoeza kushika visu kwa namna yake mpaka akapasua macho zaidi ya 100,000 maishani mwake. Aliwashangaza wengi aliposema anataka huduma ya macho iwe kama mikahawa ya McDonald's: ubora uleule kila mahali, kwa bei ambayo watu wengi wanaimudu.

Leo Aravind ni mtandao wa hospitali unaofanya mamia ya maelfu ya upasuaji kwa mwaka, na wagonjwa wengi hawalipi chochote au hulipa kidogo sana. Mpasuaji wake mmoja hufanya upasuaji wa mtoto wa jicho wapata 2,000 kwa mwaka, wakati wastani unaotajwa kwa India nzima ni kama 400. Msomaji anayeishia hapo atadhani siri ni kasi ya mpasuaji, kama Liston. Sivyo. Chumba cha upasuaji kina vitanda viwili kwa kila daktari. Anapomaliza jicho moja, anageuza hadubini kwenye kitanda cha pili, ambako mgonjwa ameshaoshwa, ameshatiwa ganzi na vifaa vimeshapangwa. Waliofanya yote hayo ni mabinti waliotoka vijijini, wakafunzwa na hospitali yenyewe kwa miaka miwili, na ndio wengi katika wafanyakazi wake. Hao ndio wanaopima macho, wanaotoa ushauri na wanaoandaa mgonjwa. Daktari anabaki na zile dakika chache ambazo yeye pekee anaweza kuzifanya. Kwa hiyo unapoandika 2,000 mbele ya jina la daktari, umeandika kazi ya watu wengi kwa jina la mmoja.

Na je, wingi haukuharibu ubora? Kinachoogopwa zaidi baada ya upasuaji huu ni maambukizi ndani ya jicho, yanayoweza kuliua kabisa. Mwaka 2017 madaktari wa Aravind walichapisha uchambuzi wa upasuaji 600,000. Baada ya kuanza kuweka dawa ya moxifloxacin ndani ya jicho, maambukizi yalishuka kutoka asilimia 0.07 hadi 0.02. Hospitali ndogo isingeweza hata kulijua jambo hilo, kwa sababu isingekuwa na macho ya kutosha kuhesabu. Kwa lenzi bandia inayowekwa ndani ya jicho nako, kiwanda chao cha Aurolab, kilichoanza 1992, kilishusha bei kutoka dola 100 au zaidi hadi chini ya dola 10. Ushushaji huo ulileta tija ambayo hakuna bonasi ya mshahara ingeweza kuileta.

Kwetu Afrika Mashariki, rekodi zinazokumbukwa ni za kazi iliyosimama. Mgomo wa madaktari wa hospitali za umma Kenya ulianza Desemba 5, 2016 na kumalizika Machi 14, 2017: siku 100. Chanzo kilikuwa makubaliano yaliyosainiwa 2013 na kutotekelezwa, na viongozi saba wa chama chao walitiwa ndani kwa kudharau mahakama. Mwaka huohuo wauguzi nao waligoma kwa takriban miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari walirudi barabarani kwa siku 56. Kiini kimojawapo kilikuwa malipo ya madaktari wanaofanya mafunzo kazini: wao walidai karibu shilingi 206,000 kwa mwezi kama ilivyokubaliwa 2017, serikali ikisema inamudu 70,000. Kati ya pande hizo mbili hapakuwa na jedwali ambalo wote waliliamini, lenye mshahara upande mmoja na kazi iliyofanyika upande wa pili. Waliolipia pengo hilo ni wagonjwa wasio na fedha za hospitali binafsi.

Kipimo kipana kuliko vyote kilitolewa 2015 na tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani. Kwa kila watu 100,000 panahitajika wapasuaji, madaktari wa usingizi na wa uzazi wasiopungua 20, na upasuaji 5,000 kwa mwaka. Tume ilikadiria kwamba watu bilioni 5 hawafikiwi na upasuaji salama wanaoweza kuulipia. Chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha, kinafundisha mabingwa wa kupunguza pengo hilo, ila bingwa hukua kwa miaka mingi.

Msumbiji haikuweza kusubiri. Tangu 1984 imewafundisha mafundi wa upasuaji, watu wasio madaktari, kupasua wajawazito wilayani, kama ambavyo Tanzania imewategemea Madaktari Wasaidizi kwa miongo mingi. Utafiti uliochapishwa 2007 ulipiga hesabu ya mafunzo na mishahara ya miaka 30: upasuaji mmoja mkubwa wa uzazi uligharimu takriban dola 39 ukifanywa na fundi, na dola 144 ukifanywa na daktari bingwa. Utafiti mwingine wa mwaka huohuo ulikuta mafundi ndio waliofanya asilimia 92 ya upasuaji huo katika hospitali za wilaya. Miaka saba baada ya kuhitimu, asilimia 88 ya mafundi hao walikuwa bado wilayani. Kati ya madaktari waliopangiwa kazi huko, hakuna hata mmoja aliyebaki.